Miaka 53 na Kifaransa kisichoingia kichwani: ni umri, ugonjwa, au namna ya kusoma?

SWALI: Mtaalamu, nina miaka 53. Mwaka huu nimeanza kujifunza Kifaransa pamoja na binti yangu wa miaka 15, kitabu kimoja, mwalimu mmoja. Yeye anasonga mbele, mimi nimebaki palepale. Usiku nasoma maneno kumi, nayarudia mpaka naona yamekaa. Asubuhi nakumbuka mawili. Siku hizi hata majina ya watu ninaowafahamu yananipotea. Mume wangu anacheka, ananiambia samaki mkunje angali mbichi. Je, ni kweli ubongo wa umri wangu haushiki tena mambo mapya? Au nianze kuogopa kwamba ni ugonjwa?

JIBU: Dada yangu, nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha amani. Kwa haya uliyoyaeleza sioni dalili ya ugonjwa. Huko mbele nitakutajia mambo ambayo mtu akiyaona aende kwa daktari, na utaona kwamba maneno ya Kifaransa kutoweka usiku hayamo. Kuhusu umri: ndiyo, umeshakugusa, ila si pale unapodhani. Umri umekupunguzia kasi. Kupoteza maneno manane kati ya kumi baada ya usiku mmoja kunatokana zaidi na namna unavyosoma, na namna hiyo humwangusha hata kijana wa miaka 20.

Watu wengi huzungumzia akili kana kwamba ni kitu kimoja kinachopanda hadi kilele, kisha kinateremka. Sivyo ilivyo. Mwaka 2015 Joshua Hartshorne na Laura Germine walichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyofanywa na maelfu ya watu wa rika mbalimbali kupitia intaneti, wakakuta kila uwezo una umri wake wa kung'ara. Kasi ya kulinganisha alama na tarakimu ilikuwa juu kabisa kabla ya mtu kufika miaka 20. Uwezo wa kusoma hisia za mtu kwa kumtazama macho ulikuwa bora kwa watu wa miaka ya 40 na 50. Msamiati ulikuwa bado unapanda kwa watu waliovuka 60. Kwa hiyo mtu wa umri wako yuko chini kwa jambo moja, juu kwa jingine, siku hiyohiyo na kwa kichwa hichohicho. Mwanasaikolojia Raymond Cattell, na baada yake mwanafunzi wake John Horn, walikuwa wameshatenganisha akili ya aina mbili miaka mingi nyuma: ile ya kutatua jambo jipya kabisa usilowahi kuliona, ambayo hupungua mapema, na ile iliyojengwa na maarifa na uzoefu, ambayo huendelea kukua hadi uzeeni.

Je, kupungua kunaanza lini hasa? Hapa wataalamu hawajapatana. Mwaka 1956 K. Warner Schaie alianza kule Seattle, Marekani, utafiti wa kuwapima watu walewale kila baada ya miaka saba, kwa miongo kadhaa. Aligundua kwamba ukimlinganisha kijana wa leo na mzee wa leo unachanganya umri na mambo mengine, kwa mfano kwamba kijana amekaa shuleni miaka mingi zaidi. Ukimfuatilia mtu mmoja, uwezo wake mwingi hubaki imara hadi karibu na miaka 60. Kinachotangulia kushuka ni kasi. Timothy Salthouse hakubaliani naye. Anasema baadhi ya uwezo huanza kushuka tangu miaka ya 20, na kwamba mtu anayepimwa mara kwa mara huzoea jaribio, hivyo kushuka kwake kunafichika. Mimi naona hoja ya Salthouse ina nguvu kwa upande wa kasi, na ya Schaie ina nguvu kwa mambo mtu anayoyahitaji ili aishi na kujifunza. Kwako wewe tofauti ya wawili hao si kubwa: wote wanakubaliana kwamba kasi inapungua na maarifa yanabaki.

Sasa tuone kasi kupungua kunafanana na nini darasani. Mwalimu anasema sentensi. Wewe unaisikia, unaichambua, unatafuta maana. Kabla hujamaliza, ameshatamka ya pili. Sentensi ya kwanza haijapata pa kukaa, ya pili imekuja nusu, na ya tatu hukuisikia kabisa. Ukitoka hapo unajiambia umesahau, kumbe hukupata hata nafasi ya kukihifadhi unachodhani umekisahau. Ndiyo maana huwa nawaomba wanafunzi wangu watu wazima wamrekodi mwalimu, akiruhusu, wakasikilize tena nyumbani huku wakisimamisha kila baada ya sentensi. Mtu akipewa muda wake, pengo na vijana hupungua sana.

Kipo kitu cha pili ambacho umri hukigusa, nacho kinaelezea pia hayo majina. Moshe Naveh-Benjamin alionyesha mwaka 2000 kwamba watu wazima na wazee hawapati shida kubwa kukumbuka kitu kimoja kimoja. Shida iko kwenye kuunganisha viwili: jina hili na sura ile, neno hili na maana yake. Na msamiati wa lugha ya kigeni ni nini, kama si jozi juu ya jozi za vitu visivyohusiana? Umechagua zoezi linalogusa palepale panapouma. Majina ya watu yana ugumu wa ziada, kwa sababu jina halikuambii lolote kuhusu mwenyewe. Unakumbuka kazi yake, nyumba yake, hata nguo aliyovaa siku ya harusi, jina limekwama kwenye ncha ya ulimi. Hilo huongezeka kwa watu karibu wote kadiri miaka inavyosonga, na kwa kawaida jina hujileta lenyewe baadaye ukiwa umeshaliacha.

Tuje kwa binti yako. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha mwaka 1978 utafiti uliofanyika Uholanzi, wakiwafuatilia watu waliokuwa wakizungumza Kiingereza na waliohamia huko wakaanza kujifunza Kiholanzi. Walikuwemo watoto wa miaka mitatu hadi vijana na watu wazima. Kila mtu alitarajia wadogo wawapite wote. Miezi ya mwanzo waliokimbia ni vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima. Watoto wadogo kabisa ndio walioburuta mkia. Mwaka ulipokwisha, vijana hao wa miaka 12 hadi 15 walikuwa bado miongoni mwa walioongoza, pamoja na watoto wa miaka 8 hadi 10. Umeona ulichofanya? Umejipima na rika lililofanya vizuri kuliko karibu wote, tena mtoto ambaye kazi yake ya kila siku ni kusoma, anayefanya mitihani kila muhula, na ambaye pengine hana chakula cha kupika akitoka darasani.

Mumeo hajakosea kila kitu. Kuna milango inayofungwa mapema. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto mchanga hutofautisha sauti za lugha asizowahi kuzisikia, na kwamba anapokaribia kutimiza mwaka mmoja uwezo huo unapungua, anabaki na sauti za lugha ya nyumbani. Ndiyo maana mtu mzima akijifunza lugha mpya lafudhi yake ya awali humfuata. Kuhusu sarufi, Hartshorne pamoja na Joshua Tenenbaum na Steven Pinker walichambua mwaka 2018 majibu ya watu wapatao 670,000 kuhusu Kiingereza, wakakadiria kwamba uwezo wa kuinyonya sarufi hubaki juu hadi karibu na miaka 17 na miezi kadhaa, kisha hushuka. Magazeti yaliandika kama vile mlango umefungwa kwa kila mtu aliyepita umri huo. Utafiti ulihusu kufikia kiwango cha mzawa, na hata hivyo hakuna aliyethibitisha kwamba sababu ni ubongo peke yake. Umri huo ndio watu wengi huacha shule na kuanza kutafuta riziki. Je, wewe unataka kusikika kama mtu aliyezaliwa Paris? Sidhani. Unataka kuzungumza, kusoma na kuelewana, na huko hakuna mlango uliofungwa.

Lafudhi yenyewe inafanyiwa kazi, ila mtu mzima anahitaji kuelezwa kile ambacho mtoto hukipata bila kuelezwa. Chukua maneno mawili, tu na tout. Kwa sikio la Mswahili yote ni "tu". Weka midomo kama unayetaka kutamka u, usiisogeze hata kidogo, kisha tamka i. Sauti itakayotoka ndiyo ya tu, yaani "wewe". Ile ya tout ni u yetu ya kawaida. Jaribu mara ishirini mbele ya kioo na utaisikia tofauti ambayo jana hukuisikia.

Na kuna mahali ambapo umri wako ni faida. Wanafunzi wengi wa Kifaransa hulalamikia jinsia za nomino, kwamba dirisha ni la kike na ufunguo ni wa kike lakini droo ni ya kiume. Wewe umekaa miaka 53 ukisema kiti kile kizuri kimevunjika, viti vile vizuri vimevunjika, bila kujiuliza kwa nini neno moja linaburuta sentensi nzima. La petite fenêtre est ouverte, yaani "dirisha dogo liko wazi", inafanya kazi hiyohiyo: nomino imevuta kivumishi na kilichofuata. Mtu mzima akionyeshwa kwamba kanuni mpya inafanana na anayoijua, huishika kwa siku moja, na hapo mara nyingi humwacha kijana. Mwambie mwalimu wako akueleze kanuni waziwazi. Kusubiri uiokote mwenyewe kwa kusikiliza ni njia ya watoto.

Sasa yale maneno kumi ya usiku. Umeniambia unayarudia mpaka unaona yamekaa. Hapo ndipo unapopotea. Ukisoma orodha mara kumi, macho huizoea, na mazoea hayo unayahesabu kuwa ni kujua. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006: kundi moja lilisoma maandishi na kuyarudia, jingine lilisoma, likafunga, likajaribu kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojiuliza waliwapita. Hao walikuwa vijana, kwa hiyo usiniambie ni uzee.

Fanya hivi. Chukua maneno matano, si kumi. Yaandike kwenye kadi, upande mmoja Kifaransa, upande wa pili usiandike tafsiri peke yake, andika sentensi fupi unayoweza kuitenda. Kwa dirisha andika Ferme la fenêtre, na unapoitamka nenda kalifunge dirisha. Kwa ufunguo, shika ufunguo. Nilikuambia udhaifu wa umri wako uko kwenye kuunganisha viwili. Dawa yake ni kuvipa viwili hivyo kitu cha tatu cha kuvishikanisha, kitendo, picha au mahali. Kisha geuza kadi na ujiulize. Usikimbilie jibu. Kule kuhangaika sekunde kadhaa kulitafuta neno ndiko kunakolikaza, hata ukishindwa, ilimradi uangalie jibu mara moja baadaye. Jiulize tena baada ya saa moja, jioni, kesho yake, siku ya tatu, wiki ijayo. Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, aliandika mwaka 1885 kwamba kusahau ni kwa kasi sana saa za mwanzo kisha hupungua, na kwamba mazoezi yaliyotawanywa hushinda yaliyorundikwa. Neno likikukatalia mara tatu, hilo ndilo la kubaki juu ya rundo; lile ulilolijibu vizuri lisogeze nyuma.

Usiku nao uuache. Cynthia May, Lynn Hasher na Ellen Stoltzfus walionyesha mwaka 1993 kwamba wazee wengi ni watu wa asubuhi na vijana wengi ni wa jioni. Walipopima kumbukumbu alasiri pengo lilikuwa kubwa, walipopima asubuhi likapungua mno. Wewe uko katikati ya makundi hayo mawili, ila mwelekeo ni huo, na wewe unasoma saa ambayo binti yako ndiyo kwanza amechangamka. Amka na kadi zako. Usiku pitia zile za asubuhi kwa dakika chache tu, kisha ulale. Usingizi wenyewe ni sehemu ya kuhifadhi, na anayelala saa chache hakosi kulipa kesho yake.

Kuna jambo hukulitaja na mimi nalitaja kwa sababu ya umri wako. Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa karibu na miaka 51, na miaka inayozunguka kipindi hicho wengi husema kichwa kimejaa ukungu. Si uvivu wala si kuwaza kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000, uliochapishwa mwaka 2009, uliona kwamba wanawake wakipimwa mara kwa mara kwa kawaida alama zao hupanda kwa mazoea, lakini mwishoni mwa kipindi cha mpito kupanda huko kulisimama. Baada ya hedhi kukoma kulirudi. Kama joto linakuamsha usiku, hilo peke yake linatosha kuharibu somo la kesho. Lizungumze na daktari wako, lina tiba.

Pima pia macho na masikio, usicheke. Baada ya miaka 40 karibu kila mtu hupata shida ya kusoma maandishi ya karibu, na nguvu unayotumia kukodolea herufi inatoka palepale unapohitaji nguvu ya kuelewa. Masikio hutangulia kupoteza sauti nyembamba, kama s na f. Kwenye Kifaransa poisson ni samaki na poison ni sumu, na tofauti yake kwa sikio ni s na z tu. (Mwambie mzee wa nyumba, maadamu anapenda samaki.)

Utaona matangazo ya michezo ya simu inayodai kunoa ubongo. Okoa pesa yako. Jaribio kubwa la ACTIVE, lililohusisha watu 2,832 wenye miaka 65 na zaidi na kuchapishwa mwaka 2002, lilionyesha kwamba waliofundishwa kumbukumbu walipata kumbukumbu, waliofundishwa kufikiri walipata kufikiri, waliofundishwa kasi walipata kasi. Faida haikuvuka sana kwenda upande mwingine. Anayetaka Kifaransa afanye Kifaransa. Denise Park na wenzake nao mwaka 2014 walionyesha kwamba watu waliovuka 60 waliojifunza kupiga picha za kisasa au kushona vitambaa vya viraka kwa saa kama 15 kwa wiki, miezi mitatu, waliboreka kumbukumbu kuliko waliokutana kwa mazungumzo na starehe tu. Ugumu unaoulalamikia ndio unaofanya kazi.

Na ubongo wenyewe hubadilika bado. Watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wenye wastani wa miaka 60 kurusha na kudaka mipira mitatu kwa mikono miwili, wakachapisha matokeo mwaka 2008: waliojifunza walionekana kuongezeka kijivu cha ubongo, yaani tishu yenye seli nyingi za neva, katika sehemu za kuona na katika hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu. Walipoacha mazoezi, ongezeko lilirudi nyuma. Niseme na upande wa pili: waliofaulu kuufikia ustadi uliotakiwa walikuwa wachache kuliko vijana waliojaribiwa kabla yao. Wanajifunza, kwa taratibu zaidi, na si wote wanafika mbali sawa.

Nilikuahidi dalili za kupelekwa kwa daktari. Kuuliza swali lilelile mara kadhaa siku moja bila kujua umeshajibiwa. Kupotea njia unayoipita kila siku. Kushindwa kazi uliyoifanya miaka yote, kama kuhesabu fedha au kufuata hatua za pishi unalolijua. Watu wa nyumbani kuliona tatizo kabla yako wewe. Kubadilika kwa ghafla, katika siku au wiki. Hata bila hayo, kama huna uhakika, vipimo rahisi vya damu vinafaa, kwa sababu upungufu wa vitamini B12 na matatizo ya tezi ya shingo hufifisha kumbukumbu na vinatibika; presha na kisukari navyo vipimwe. Sonona hufanana sana na kusahau. Mweleze daktari na dawa unazomeza, hasa zile za mzio zinazosinzisha. Baadhi yake huvuruga kumbukumbu kwa watu wazima.

Limebaki la mumeo. Methali yake ilitungwa kwa ajili ya malezi ya watoto, na mzaha ni mzaha, lakini una gharama. Tamara Rahhal, Hasher na Stanley Colcombe waliwapa vijana na wazee jambo lilelile la kujifunza, mwaka 2001. Walipoambiwa kwamba kinachopimwa ni kumbukumbu, wazee walishindwa na vijana. Maelezo yalipoliacha neno kumbukumbu, pengo likatoweka. Kila anapokuchekea kabla hujafungua kitabu, anakufanyia mtihani wa kumbukumbu. Mwombe kwa upole anyamaze mpaka miezi mitatu ipite, au akae naye ajifunze, tuone.

Binti yako mpe kazi. Mkabidhi kadi mara mbili kwa wiki akuulize. Asikuulize za leo, akuulize za wiki iliyopita, na akikuona umesita ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hajakutajia jibu.